Kirikuu ya Mihayo na Mawe ya Fisi

Kila asubuhi Mihayo alilihudumia gari lake kama mtu anayemwogesha ndama. Alifuta kioo. Alipima oili. Alizipiga tairi teke, moja baada ya nyingine, na kusikiliza zinavyolia. Mwishowe alikwenda ubavuni, kwenye mdomo wa tanki la mafuta, na hapo ndipo alipokawia.

Mfuniko wa tanki ulikuwa umepotea mwisho wa masika. Muuza petroli wa chupa aliuweka juu ya bodi, akasahau kuurudisha, na gari likaondoka nao. Mihayo hakuhangaika kutafuta mwingine. Alichukua kipande cha nailoni ngumu, akakikunja, akaufunika mdomo wa tanki. Kisha akauzungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, akauvuta kwa meno, akapiga fundo.

"Vumbi halipiti," alimwambia mkewe. "Hata hewa haipiti!"

"Na wewe je, Baba Adam, umekunywa uji?" Vumilia aliuliza.

"Gari kwanza."

"Haya. Mchana likupikie gari."

Mihayo alicheka. Vumilia alikipenda kicheko hicho. Kuna wakati alidhani hatakisikia tena.

Zamani Mihayo alikuwa mchimbaji wa dhahabu huko Nyarugusu. Kwenye duara lao, yaani shimo la kuchimbia, yeye alikuwa mtu wa pampu. Shimo likijaa maji, alishusha bomba, akafunga kila kiungo kwa mpira wa tyubu, akawasha mashine. Kiungo kikipitisha hewa, pampu haivuti. Aliijua kazi hiyo vizuri kuliko wote. Siku moja ukuta wa shimo uliporomoka, ukamfukia. Wenzake walimfukua akiwa hai, mdomo umejaa vumbi. Vumilia alipomwona, hakulia. Alisema tu, "Ukirudi chini, mimi usinihesabu." Mihayo aliapa kuwa harudi. Baba yake akauza ng'ombe, wakanunua kirikuu kuukuu, lile gari dogo la mizigo ambalo injini yake iko chini ya siti.

Tangu hapo waliishi Kahama kwa kirikuu hiyo. Mihayo alibeba mchele, nyanya na mizigo ya watu hadi Kakola, karibu na mgodi wa Bulyanhulu. Siku za soko Vumilia alikwenda naye kuuza mchele. Maisha hayakuwa ya anasa, lakini mume alirudi nyumbani jioni, na kwa Vumilia hiyo ilikuwa anasa tosha.

Kisha gari likaanza kuzima njiani.

Halikuzima popote tu. Lilizima Mawe ya Fisi. Ni mahali ambapo mawe makubwa yamebebana kando ya barabara, na chini yake kuna mbuga ya mpunga. Watu husema fisi wa wachawi hulala humo. Gari likikaribia hapo, lilianza kukosa nguvu. Mihayo alikanyaga mafuta, gari likakohoa. Likavuta kidogo, likakohoa tena. Kisha kimya.

Mihayo alishuka, akafungua nailoni, akachovya kijiti kwenye tanki kuona kama petroli ipo. Ipo, tena tele. Akafunga haraka. Halafu alisimama mbele ya mawe, akavua kofia, akawaomba babu zake wampishe. Mama yake ndiye aliyemshauri hivyo. Aliporudi na kuwasha, gari liliwaka mara moja.

"Umeona?" alimwambia mkewe. "Mahali hapa pana wenyewe."

Wazee hawabezwi. Lakini moyoni Vumilia alijiuliza: wazee gani hawa wasiotosheka na salamu? Kila safari ya asubuhi, kuzima!

Walikwenda kwa fundi, akabadilisha plagi. Gari likazima. Walikwenda kwa mwingine, akabadilisha koili, akasema sasa ni jipya. Likazima. Wa tatu alitaka kubadilisha pampu ya mafuta. Kila aliyeinua siti alipata cha kulaumu, na hakuna aliyemuuliza Mihayo hata swali moja.

Habari zikaenea sokoni. Wenye nyanya wakahamia magari mengine. Nani anataka nyanya zake ziivie Mawe ya Fisi?

Ndipo Magesa akapiga simu. Magesa alikuwa mwenzake Mihayo kule Nyarugusu. Walikuwa wamefungua duara jipya, maji ni mengi, na wanataka mtu wa pampu. Alitaka jibu kabla ya Jumamosi kwisha.

Jioni ile Mihayo hakula. Alikaa mlangoni akilitazama gari.

"Mama Adam," alisema, "nadhani tuliuze. Nirudi kwa Magesa. Kwa muda tu."

Vumilia aliweka sahani chini. "Kwa muda? Ukuta ulipokuangukia, ulikupigia hodi kwanza?"

"Sasa tutakula nini? Gari limekataliwa."

"Gari halijakataliwa. Halijasikilizwa. Kesho twende kwa Masudi."

"Masudi? Yule Mzaramo? Atanicheka kuanzia hapa hadi Geita!"

Ni kweli. Masudi alikuwa fundi mzuri, lakini Wasukuma na Wazaramo ni watani tangu enzi za mababu. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hata msibani, na Masudi hakuwahi kuiacha ruhusa hiyo ilale bure.

"Acha akucheke," Vumilia alisema. "Kicheko hakijawahi kumfukia mtu."

Mihayo aliitikia kwa kichwa.

Asubuhi Mihayo alilifunga tanki kama kawaida, wakaenda. Masudi alikuwa mbele ya gereji yake, akinywa chai ya rangi.

"Shikamoo, fundi," Vumilia alisema.

"Marahaba, mama. Karibu." Kisha akamgeukia Mihayo, macho yakimng'aa. "Lo! Msukuma kaleta gari kwa fundi! Nilidhani nyinyi gari likiugua mnalichinjia kuku."

"Na nyinyi mnalipigia ngoma hadi litoke jasho," Mihayo alijibu.

"Jasho lenyewe ndiyo oili! Haya, mtani, kuna nini?"

Mihayo aliinama ili ainue siti. Masudi akamzuia.

"Shusha hiyo siti. Spana haina masikio. Kaa hapa unisimulie kwanza. Mgonjwa akifika zahanati, daktari anaanza kwa kisu?"

Wakakaa juu ya tairi kuukuu. Masudi akauliza polepole.

"Likizima, linazima ghafla, kama mtu kabonyeza swichi? Au linadhoofika kwanza?"

"Linadhoofika. Linakohoa, linakosa nguvu, ndipo linazima."

"Likishazima, taa za kwenye dashibodi zinawaka?"

"Zinawaka."

"Ukiwasha, stata inazungusha?"

"Inazungusha vizuri, ila injini haishiki."

"Mshale wa joto?"

"Uko katikati. Halichemki."

Masudi alitikisa kichwa kuonyesha ameelewa. "Sikiliza, mtani. Gari linalozima ghafla, mara nyingi mimi huanza kutazama umeme. Nyaya zilizolegea, swichi, koili. Gari linalokohoa na kudhoofika, naanza na mafuta. Chujio limeziba? Bomba limebanwa? Pampu imechoka? Hiyo si sheria isiyovunjwa. Ni mahali pa kuanzia, ili tusinunue vifaa kwa kubahatisha. Sasa niambie, likishazima unafanya nini mpaka linawaka tena?"

Mihayo alitazama viatu vyake. Mkewe akaona ameona aibu, akajibu yeye.

"Anafungua tanki, anachovya kijiti kuona mafuta. Anafunga. Kisha anaongea na wazee."

Vumilia alisubiri kicheko. Hakikuja.

"Siku zote anafanya yote mawili?" Masudi aliuliza.

Vumilia alifikiri. Picha ya siku moja ikamjia. "Hapana. Siku ile ya mvua kubwa hakushuka. Aliongea na wazee akiwa ndani, dirishani. Gari likagoma. Tulikaa pale mpaka mvua ikakatika. Aliposhuka akafungua tanki, likawaka."

Masudi aliweka kikombe chini. "Mama Adam, kumbe fundi ni wewe! Na ugonjwa huu ulianza lini?"

"Baada ya masika," Mihayo alisema.

"Wakati huo, ni kitu gani kilibadilika kwenye gari?"

"Hakuna."

"Mfuniko wa tanki," Vumilia alisema. "Ulipotea."

"Mfuniko si injini, mke wangu!"

"Mficha maradhi, kilio humuumbua," Masudi alisema, akasimama. Alilizunguka gari, akatazama ile nailoni na fundo lake. Hakuigusa. Kwa mbali alitabasamu. "Jaza tanki, kama unavyojaza siku za Kakola. Halafu twende upande wa Tinde."

"Tinde? Tinde kuna nini?"

"Hakuna fisi. Nikifungua kitu hapa hapa, utasema nami nimebahatisha kama wale wenzangu. Hiyo njia ya Tinde hujawahi kuzimikiwa. Likizima huko, tutajua mawe hayana kosa."

Mihayo alijaza, akafunga nailoni kwa meno kama kawaida, wakajazana watatu mbele, Vumilia katikati, magoti yakigombana na gia. Mji ukabaki nyuma. Gari lilikwenda vizuri, na Vumilia akaanza kuogopa. Aliomba lizime. Hakuwahi kudhani ataomba jambo la namna hiyo.

Walipofika kwenye mashamba ya alizeti, mbele ya kanisa dogo la bati, gari likapunguza nguvu. Mihayo akakanyaga mafuta. Gari likakohoa.

"Tulia," Masudi alisema. "Washa taa za dharura. Usikanyagekanyage breki. Injini ikizima, breki huwa nzito, kwa hiyo kanyaga mara moja kwa nguvu, sawasawa. Toka barabarani lingali na mwendo."

Gari likatoka barabarani taratibu, likasimama kwenye majani. Kimya. Ndani ya kanisa wanakwaya walikuwa wakifanya mazoezi, hawana habari.

"Fisi wamehamia hapa?" Masudi aliuliza. "Au ni wa kwaya?"

Mihayo hakucheka. Alikuwa amepigwa na butwaa. Masudi aliweka pembetatu nyekundu nyuma ya gari, mbali kidogo, ili wenye magari waione mapema. Mwendesha bodaboda mmoja akasimama kutazama, sigara mdomoni.

"Kaka," Masudi alimwambia, "tunafungua petroli. Hiyo sigara yako ipeleke mbali, na wewe ukae nayo huko huko." Bodaboda akaondoka upesi.

"Sasa njooni muone. Msiguse, tazameni tu."

Nailoni ilikuwa imebonyea ndani ya mdomo wa tanki, kama shavu la mzee asiye na meno. Masudi aliulegeza mpira kidogo kidogo.

*Fyoooo!*

Hewa iliingia ndani ya tanki kwa nguvu, na nailoni ikainuka. Vumilia alishika mkono wa mumewe.

"Mtani, umeongea na babu yeyote?" Masudi aliuliza.

"Sijasema neno."

"Washa."

Mihayo alizungusha ufunguo. Stata ilizunguka kidogo, injini ikashika, ikaunguruma kama haijawahi kuugua.

Akazima, akashuka. Uso wake ulikuwa na maswali mengi. Masudi akachukua chupa ya plastiki yenye maji, akampa Vumilia. "Mama, kunywa kwa kunyonya. Usiachie midomo, hewa isipite."

Vumilia akanyonya. Chupa ikabonyea, ikalia *kakara*. Akavuta tena, maji yakakataa kuja. Alipoachia midomo, hewa ikaingia na chupa ikarudi umbo lake.

"Chupa ndiyo tanki," Masudi alisema. "Midomo ndiyo pampu ya mafuta. Petroli inapotoka, lazima hewa iingie ichukue nafasi yake. Hewa ikikosa njia, pampu inavuta, inavuta, mwisho inashindwa. Injini inakosa mafuta, inakohoa, inazima. Ukifungua tanki, hewa inaingia, gari linapona. Wewe ukadhani wamekusikia wazee."

"Mbona linazima palepale kila siku? Na mbona jioni halizimi?"

"Asubuhi tanki limejaa hadi juu, na umelifunga kwa meno. Hewa iliyobaki ndani ni kidogo. Kwa hiyo ukitoka nyumbani, mwendo wako wa kuzimikiwa ni uleule, na mwendo huo unaishia Mawe ya Fisi. Jioni tanki lina nafasi kubwa, tena pale kwenye mawe ulifunga kwa haraka, hewa inapenya."

Mihayo alikuna kichwa. "Lakini fundi, mimi ni mtu wa pampu tangu machimbo ya Nyarugusu. Pampu ikipata hewa, haivuti. Hilo nalijua kwa mikono yangu."

Hapo Masudi hakumtania. Alimwekea mkono begani. "Unalijua vizuri, na ni kweli. Bomba lazima lizibwe. Lakini kule Nyarugusu, ulipovuta maji, shimo lenyewe uliliziba kwa nailoni?"

Mihayo alilitazama tanki. Alimtazama mkewe. Kisha kicheko chake kikatoka, kikubwa, hadi mwanakwaya mmoja akachungulia dirishani.

"Bomba lizibwe, shimo liwe wazi!" alisema. "Yaani gari langu nimelinyonga mwenyewe!"

"Kwa mapenzi," Masudi alisema. "Sisi Wazaramo tungelinyonga kwa uvivu."

Vumilia alicheka pamoja nao, lakini machozi yalimlenga. Alijua kwa nini mumewe alilifunga tanki lile kwa nguvu namna ile. Mtu aliyewahi kula vumbi chini ya ardhi hulichukia vumbi kuliko mtu mwingine. Alimpenda sana saa ile, pale kando ya alizeti, na wala hakumficha. "Baba Adam wangu," alisema, akamfuta jasho kwa ncha ya kanga.

Masudi alilifunika tanki kwa nailoni iliyolegea, ili warudi mjini polepole. Aliwaonya kwamba huko si kutengeneza. Petroli inaweza kumwagika, mvuke wake unashika moto upesi, na vumbi na maji huingia. Walipofika Kahama, wakaenda duka la vipuri kutafuta mfuniko halisi.

"Msichukue tu unaoingia," Masudi alisema. "Magari mengine hupumulia kwenye mfuniko, una kitundu kidogo humo ndani. Mengine yana bomba lake la kupumulia, na mfuniko wake hauna kitundu. Hili lenu linapumulia kwenye mfuniko. Kama hujui la kwako, uliza. Kuuliza si ujinga. Na msiende kumwambia kila mtu kwamba gari likizima ni mfuniko! Lingine ni chujio, lingine ni waya. Mwambieni fundi linavyozima, linazima wakati gani, na kitu gani kilibadilika kabla ya hapo. Fundi asiyetaka kusikia hayo, muageni kwa heshima."

"Na wazee je?" Mihayo aliuliza, nusu mzaha.

"Wazee wasalimie kila siku. Ila usiwatwike kazi ya fundi."

Jumamosi ilikuwa siku ya soko. Asubuhi wakapakia mchele. Mihayo akajaza tanki hadi juu, akazungusha mfuniko mpya mpaka ukalia *tik*. Safari hii hakutumia meno. Wakaondoka kuelekea Kakola. Vumilia alisikiliza injini. Kila mtikisiko ulimpiga kifuani. Alimwona Mihayo naye amekaza shingo.

Mawe ya Fisi yakatokea mbele, makubwa, yametulia kwenye jua. Gari likayafikia. Likayapita. Likapita mbuga ya mpunga, likapanda mwinuko, likaendelea.

Mihayo aliendesha hadi mawe yakapotea kwenye kioo cha nyuma. Kisha akawasha taa ya ishara, akatoka barabarani, akasimama, injini bado inaunguruma.

"Kuna nini?" Vumilia aliuliza kwa hofu.

Mihayo alitoa simu, akasalimia kwa Kisukuma. "Magesa, mwangaluka. Mzima kabisa. Sikia, kaka, hiyo nafasi ya pampu mpe mtu mwingine. Hapana, sitaki kufikiri zaidi. Sirudi chini. Nimepata kazi huku juu." Akasikiliza kidogo. "Na huyo mtakayempa, mwambie ukuta auangalie kabla ya maji."

Akakata simu. Vumilia alikuwa ameshika kanga usoni, analia waziwazi, na hakutaka kuacha.

"Sasa mbona unalia, Mama Adam?"

"Niache nilie. Ni machozi yangu." Alijifuta. "Zima gari, unamaliza mafuta bure."

"Nizime? Hapa njiani?"

"Zima tu."

Mihayo aliutazama ufunguo kwa muda. Kisha akauzungusha mwenyewe, kwa hiari yake, na injini ikazima. Upepo ukapita kwenye majani. Wakakaa bega kwa bega. Hakuna aliyeshuka, hakuna aliyevua kofia. Vumilia alipokuwa tayari, alimgusa mumewe gotini.

Mihayo akawasha, likawaka, wakaenda kuuza mchele.